Mkono wa Mama Moshi

Nyinyi vijana mnaobaki atelie, kwenye karakana yetu, mmezoea levye moja, ule mkono wa chuma wa kuendeshea mashini. Ukitaka mashini isimame, unashika kile kichwa chekundu cha duara, unasukuma mbali na kifua, basi. Kiwanda cha Kasongo ni hivyo, cha Nyangwe ni hivyo, cha Wamaza ni hivyo. Mnadhani mashini zilizaliwa hivyo. Hapana, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyezigeuza mikono, moja baada ya nyingine, ndiyo maana mnaniita Ramazani Levye, na jina lenyewe nimelikubali maana sina pa kulikimbilia.

Mliniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, hayo kila mtu anayasimulia mwenyewe na anaongeza chumvi. Nitawaandikia habari za mashini, na za mtu mmoja aliyenifundisha, na jinsi nilivyomlipa. Si siri. Nusu ya mji wa Kasongo ilikuwapo siku ile ikaona kwa macho. Lakini nyinyi hamkuwapo, na nimesikia mnaisimulia kama kichekesho.

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha pamba nilifika na viatu vya kuazima. Nilitoka karakana ya serikali, nimejifunza kupiga tupa na kukaza bulo, yaani bolti, nikajiona fundi tayari. Kapita, msimamizi wa kazi, akaniambia, "Weye enda kwa Mzee Sumaili, akuoneshe moto." Nikamkuta Mzee amekaa juu ya kuni mbele ya injini kubwa ya mvuke, kofia yake nyeupe haina hata doa la mafuta. Mpaka leo sijui aliwezaje. Ile injini yeye alikuwa akiiita Mama Moshi. Ilikuwa inakula kuni tangu alfajiri, na mukanda wake wa ngozi, mpana kuliko kifua cha mtu, ndio uliozungusha mashini zote za kuchambua pamba.

Mzee hakuniuliza nimesoma wapi. Alinisimamisha mbele ya levye ya mvuke, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasukuma, Mama Moshi akaanza kupumua. Akavuta, ikanyamaza. Kisha akanipiga kidogo kwenye kidole gumba.

"Hiki kisizunguke," alisema. "Kilale juu ya chuma pamoja na wenzake. Siku mashini itakapopiga teke, kidole kinachozunguka kitavunjika, kinacholala kitaponyoka tu. Umesikia, mutoto?"

"Nimesikia, Mzee."

"Hujasikia. Rudia."

Nilirudia mpaka bega likaniuma. Ndivyo tulivyofundishwa zamani, mkono juu ya mkono. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi kwa watu, ila kwa mashini alikuwa anaongea kutwa. Akitaka kuni alimwambia Mama Moshi, "Mama, naona una njaa na hawa wanakutazama tu." Basi sisi tunakimbia kuleta kuni. Tulicheka sana miaka ile. Alinitania kwamba nashika ufunguo kama mtu anayeshika nyoka, nami nilimtania kwamba kofia yake inalala kwenye sanduku la chuma.

Halafu nikamwoa binti yake, Zaina.

Wenyeji wa hapa hamhitaji maelezo, lakini nasikia siku hizi kuna vijana wanaokula sahani moja na baba mukwe, basi nitaeleza. Sisi hatukuwa hivyo. Tangu siku mahari ilipopokelewa, ile mizaha ilikwisha. Nikimwona Mzee njiani, naingia kwenye majani mpaka apite. Simtazami usoni, siketi alipoketi, simtaji jina, na kumgusa mwili ndiyo kabisa, hata kwa bahati mbaya. Ni haya, na haya ni heshima. Naye vilevile kwangu. Nilipata mke mwema nikampoteza mwalimu siku hiyohiyo, na hakuna aliyenipa pole, maana kwa wengine wote ilikuwa sherehe.

Lakini kazi haijui ukwe. Tulikuwa chumba kimoja, yeye kwenye levye, mimi kwenye bulo. Basi Mzee akapata njia. Alianza kusema nami kupitia Mama Moshi. "Mama, huu mukanda wako umelegea upande wa ukuta, sijui kama kuna mutu atauona." Mimi niliyekuwa chini ya gurudumu najibu hapohapo, nikikielekea chuma: "Mama Moshi, mwambie Mzee nitaukaza kabla ya saa sita." Naye anaitikia, "Haya, Mama, ahsante." Tulifanya kazi hivyo miaka, na kazi ikaenda vizuri. Watu wa nje wakisikia walidhani tumechanganyikiwa na moshi.

Sasa nije kwenye levye. Kampuni haikununua mashini kama mtu anayepangilia vitu vya nyumba yake. Ilinunua kama mtu anayeokota. Injini ya mvuke ilitoka nchi moja, injini ya mazuti, inayokula mafuta badala ya kuni, ya kinu cha mpunga kule Nyangwe ilitoka nyingine, presi ya kubana marobota ya pamba ilitoka sijui wapi, maandishi yake hata Wazungu wetu hawakuyaweza. Na kila moja ilikuwa na tabia zake. Ya Kasongo ukivuta inasimama. Ya Wamaza ukivuta inakwenda. Ya Nyangwe haikuwa na levye kabisa, ilikuwa na kigurudumu cha kuzungusha, tena cha kuzungusha kinyume na bomba zote duniani. Mwendeshaji alijua mashini yake tu, kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake gizani. Ukimhamisha, umempofusha.

Wakamhamisha Amisi. Alikuwa mwendeshaji wa hapa Kasongo, msaidizi wa Mzee, akapelekwa Wamaza kushika kinu kwa sababu mwenzake wa kule alikuwa na homa. Mkono wa nguo yake ulishikwa na mukanda. Amisi akafanya lile ambalo mkono wake ulijua: akavuta. Kinu kikazidi. Vidole viwili vilivyokatika alivirudisha Kasongo ndani ya kitambaa, akavizika mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama yake. Aliniambia, "Ramazani, sikukosea. Mimi nilisimamisha. Mashini ndiyo haikujua."

Hayo maneno nilimfikishia injinia wetu, Mubeleji mmoja tuliyemwita Bwana Kidole kwa kuwa hakuweza kusema neno bila kunyoosha kidole. Si mtu mbaya, ila alipenda kitu kiishe leo. Alisikiliza, akanyoosha kidole kwangu. "Fanya zote sawa. Weye."

Nikazunguka. Kasongo, Nyangwe, mpaka Kabambare na Wamaza, juu ya kamioni ya pamba na mara nyingi kwa miguu nyuma ya kamioni ya pamba, kwa sababu matope ya njia ile mnayajua. Niliandika kila mashini inavyoanza na inavyosimama. Kisha tukaamua, Bwana Kidole na mimi: kusimamisha ni kusukuma. Sababu ilikuwa nzuri na mpaka leo naitetea. Mtu akiteleza kwenye mafuta huangukia mbele, na akiangukia levye, afadhali mashini isimame kuliko iende. Levye ikae mkono wa kuume, kimo cha kitovu, kichwa chake kiwe cha duara ili hata aliyefumba macho akijue kwa kiganja. Levye ya kuanzisha tukaipa kichwa bapa. Penye kigurudumu nilifunga mnyororo na levye. Penye levye iliyokwenda kinyume nilikata fimbo yake katikati, nikatia kipande kilichoshikwa kiunoni kama mizani ya sokoni: upande huu ukienda, ule unarudi. Ni kitu kidogo, hata mtoto angekielewa, lakini kila kimoja kilinichukua siku za kupiga tupa, kwani kikilegea kidogo tu, mvuke haufungwi sawasawa.

Nikamaliza Wamaza, nikamaliza Nyangwe, nikamaliza presi. Kila mahali niliwafundisha waendeshaji mwenyewe, kama nilivyofundishwa, mkono juu ya mkono, kwanza mashini ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto, kisha macho yamefungwa kitambaa. Mkono wa zamani haufi kwa kuambiwa. Unaushika, unausukuma, tena na tena, mpaka unasahau njia yake. Wengine walinitukana, wengine walicheka, lakini walijua.

Mama Moshi nilimwacha wa mwisho. Mnajua kwa nini.

Siku nilipokata fimbo ya levye yake, Mzee alikaa juu ya kuni akatazama mlango. Baadaye akasema, "Mama, leo wanakugeuza mkono. Tumezeeka pamoja, mimi na weye, na sasa tutaanza kujifunza kutembea. Sijui nani atanishika."

Nilisikia vizuri sana. Nikamjibu Mama Moshi kwamba Kapita Katambwe atamfundisha Mzee. Katambwe alikuwa kapita wetu wakati ule, mtu mwema, mchangamfu, lakini alikuwa na umri wa watoto wa Mzee, naye alimwogopa. Sikumwambia Katambwe amshike mkono. Nilimwambia, "Mweleze Mzee, halafu umalize, Bwana Kidole anataka kupima watu." Katambwe akaeleza. Alisimama hatua kadhaa mbali, mikono nyuma, akasema kwa adabu, "Baba, zamani ilikuwa kuvuta, sasa ni kusukuma." Mzee akasema, "Nimesikia." Mashini ilikuwa baridi. Basi, ikaisha.

Mimi nilikuwa pale nyuma ya bomba. Nilijua kabisa kwamba Mzee mwenyewe, kama ndiye angekuwa anafundisha, angesema, hujasikia, rudia.

Kisha Bwana Kidole akatangaza kipimo. Kila mwendeshaji atasimamisha mashini ikiwa katika nguvu zake, akisikia neno. Anayeshindwa ataondoka kwenye mashini, atakwenda kubeba mizigo. Kwa kijana ni hasara ya msimu mmoja. Kwa Mzee Sumaili ilikuwa jambo jingine. Yeye aliikuta Mama Moshi vipandevipande ndani ya masanduku, akaiunganisha pamoja na Wazungu ambao sasa wamekwisha kufa. Mtu akiulizwa hapa Kasongo, Sumaili ni nani, jibu lilikuwa, yule wa Mama Moshi. Hakuwa na kingine alichokitaka.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa pamba. Uani kulijaa watu na vikapu, wengine wametembea kutoka mbali, na waliposikia kuna jambo wakasogea madirishani. Wanawake wa kuchagua pamba walikuwa kwenye mabenchi yao chini ya mukanda. Mzee akaingia na kofia yake nyeupe. Akavuta levye yenye kichwa bapa, Mama Moshi akaamka, mashini za kuchambua zikaanza kupiga kelele zao. Bwana Kidole akangoja mpaka gurudumu limeshika mbio. Kisha akanyoosha kidole.

"Simamisha!"

Mzee akashika kichwa cha duara, akavuta.

Mvuke wote ukaingia. Nilihisi sakafu inatetemeka. Katambwe akapiga kelele, "Sukuma, Baba! Sukuma!" lakini mtu akishtuka hasikii, anafanya lile analolijua, na Mzee alivuta zaidi, kwa mwili wote, miguu imekazana. Mukanda ulianza kupigapiga juu ya vichwa vya wale wanawake. Kama ungekatika ungeua. Nami sikufikiri. Nilirukia pale, nikasimama nyuma yake, kifua changu mgongoni pake, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikasukuma.

Mama Moshi akashusha pumzi, akasimama.

Hakuna aliyetazama mukanda. Watu wote waliokuwa madirishani walikuwa wanatazama mikono yetu. Mwanamke mmoja akasema, "Yelele! Amemushika mukwe wake!" Nikaondoa mkono kama nimeungua. Mzee hakugeuka. Alitazama levye tu, kofia imeanguka, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikakiona kichwa chake, kidogo, cheupe, cha mzee tu kama wazee wengine.

Bwana Kidole akaja. Hakuwa hata na hasira. Akanyoosha kidole kwa Mzee, kisha kwangu.

"Huyu, ulimufundisha?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo, vijana. Kumshika mukwe nilimshika kuokoa watu, na hakuna atakayenilaumu. Lakini Bwana Kidole aliniuliza swali jepesi, na jibu lilikuwa jepesi. Ningesema, hapana, Bwana, huyu ni baba mukwe wangu, kwetu simgusi, sikumfundisha kama wengine, nipe juma moja. Lakini yule Bwana alikuwa ananisifu mbele ya Wazungu wenzake kwamba Ramazani ni mtu wa akili, ameacha mambo ya kijijini. Niliona haya kumwambia kwamba nina haya. Aibu gani hii? Nilikuwa na tupa ndogo mfukoni na kalamu sikioni, nikaogopa muzungu atanicheka.

"Alifundishwa, Bwana," nikasema.

Katambwe akanitazama. Mzee akaokota kofia yake, akaipangusa, akatoka. Watu wakampisha.

Nyumbani Zaina alikuwa amekwisha kusikia, habari zilimfikia kabla yangu. "Weye Ramazani, ulimushika baba? Mbele ya watu wote?"

"Mashini ingeua watu."

"Hiyo nimeelewa. Halafu wakamutoa kwenye mashini, na weye ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

"Ukasema nini?"

Nikanawa mikono. Alinipa chakula, akakaa mlangoni amenipa mgongo mpaka nilipomaliza.

Mbuzi nilipeleka, kama inavyotakiwa mtu anapovunja haya ya ukwe. Ndugu zake Mzee walimpokea, wakala, wakasema imeoshwa, imekwisha. Kweli, lile la mkono liliisha siku hiyo. Lile la mdomo hakuna mbuzi wake.

Wakampa Mzee kazi ya kubeba kuni. Si kuni za mahali pengine, kuni za Mama Moshi. Levye ikashikwa na Katambwe, naye kila asubuhi aliomba radhi kwa macho. Mzee alikuja na mzigo begani, akaushusha, akaenda kuleta mwingine. Kofia yake ikaanza kuwa na madoa. Na hakusema tena na mashini hata neno moja, chumba kikawa na kelele nyingi na kimya kingi.

Mchana mmoja wengine walikwenda kula, mimi nikabaki chini ya gurudumu nikitia mafuta. Mzee akaingia na kuni. Akashusha, akakaa juu yake kama zamani. Alijua nipo, miguu yangu ilikuwa inaonekana. Kisha nikaisikia ile sauti.

"Mama Moshi," alisema, "siku ile nilishikwa mkono mbele ya watu, nikasema moyoni, nani huyu anayethubutu? Halafu nikatazama. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala. Hakikuzunguka." Akakohoa kidogo. "Nikasema, basi, huu ni mkono wangu mwenyewe. Hakuna mutu mwingine aliyenishika."

Alikuwa anangoja. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, yeye anamwambia Mama, mimi namjibu Mama. Ilikuwa zamu yangu. Nami nililala pale na kopo la mafuta kifuani, nikasema moyoni nitamjibu kesho, nikipata maneno mazuri. Mzee akangoja kitambo, akainuka, akaenda kuleta mzigo mwingine.

Kesho yake sikumjibu, wala msimu ule. Kisha umeme ukaletwa. Mama Moshi wakamkata kwa moto, wakampakia kwenye kamioni vipandevipande, jinsi alivyokuja. Mzee alitazama kutoka uani. Tangu siku hiyo hatukuwa na wa kusema kupitia kwake. Tuliishi mji mmoja, nikampisha njiani, naye akanipisha, mpaka alipofariki. Siku ya mazishi nilisimama pamoja na wakwe wengine, mbali, mahali petu.

Juma lililopita, siku yangu ya mwisho kazini, mliniimbia na kunipa saa. Ahsanteni. Mlipokwenda kunywa chai nilirudi ndani. Pale alipokuwa Mama Moshi mnajua pana mota ya umeme, na levye yangu yenye kichwa chekundu. Mota ilikuwa inazunguka. Niliiambia, kwa sauti, "Mwambie Mzee: hakufundishwa. Mimi ndiye ambaye sikumfundisha." Kisha nikalaza kidole gumba, nikasukuma. Ikasimama palepale, vizuri kabisa, kama nilivyoitengeneza. Lakini mota ile Mzee hakuwahi kusema nayo, haimjui.